Vidole Kwanza, Cheti Baadaye: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kuwafundisha Wasioona

Barua za safari hii zimetoka kwa walimu na wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa watu wasioona au wenye uoni hafifu bila kuandaliwa kwa kazi hiyo. Zile zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, Kilosa. Mwaka huu nimepata mtoto asiyeona kabisa. Nataka kusomea elimu maalumu. Niende wapi, na nitajuaje kama kozi ni nzuri?

Hongera mwalimu kwa kutomrudisha mtoto nyumbani. Tanzania, chuo kinachojulikana zaidi kwa kazi hii ni Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha. Walioko Kenya wana Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986, pale Kasarani, Nairobi. Uganda kuna Chuo Kikuu cha Kyambogo, Kampala.

Kabla ya kulipa ada popote, uliza mambo matatu. Je, kila mwanachuo anapata mashine yake ya nukta nundu (maandishi ya nukta zilizoinuka, yanayosomwa kwa vidole) wakati wa kipindi, au watu sita wanazunguka moja? Je, kuna majuma ya kufundisha watoto wasioona huku mkufunzi amekaa nyuma ya darasa? Je, kutembea kwa fimbo nyeupe kunafundishwa barabarani, au kunaishia kwenye daftari? Ukijibiwa kwamba mafunzo kwa vitendo yatafuata baadaye, endelea kutafuta. Mtu anaweza kuandika kurasa kumi nzuri juu ya sababu za upofu na bado akashindwa kusahihisha sentensi moja ya mtoto, na mtoto atajua siku hiyo hiyo kwamba mwalimu wake hajui kusoma.

Nimeanza kujifunza nukta nundu mwenyewe lakini kila mara nachanganya D na F, H na J. Wanafunzi wangu nao wanachanganya vivyo hivyo. Tatizo ni nini? (Mwalimu, Kigoma)

Tatizo si akili yako wala ya watoto. Chanzo, mara nyingi, ni kuanza na mashine na sleti (kibao cha kuandikia nukta kwa sindano) kwa wakati mmoja.

Chumba kimoja cha nukta nundu kina nukta sita: 1, 2, 3 zikishuka upande wa kushoto, na 4, 5, 6 upande wa kulia. D ni 1-4-5. F ni 1-2-4. Sasa geuza D kama unavyoiona kwenye kioo: inakuwa F. Geuza H (1-2-5): inakuwa J (2-4-5). E na I ni hivyo hivyo, na R na W pia. Ukiandika kwa sleti na sindano unatoboa karatasi kwa nyuma, unaanzia kulia kwenda kushoto, kwa hiyo kila herufi unaiandika kinyume. Anayejifunza njia zote mbili kwa pamoja hana mahali pa kushika: jana D ilikuwa hivi, leo ni vile.

Kwa hiyo anza na mashine peke yake. Kwenye mashine ya Perkins, kidole gumba ni cha nafasi. Kidole cha shahada cha kushoto ni nukta ya 1, cha kati 2, cha pete 3. Mkono wa kulia ni 4, 5, 6 kwa mpangilio huo huo. Vidole vishuke kwa pamoja na viinuke kwa pamoja. Kimoja kikichelewa, nukta yake haitokei au inatokea kwenye chumba kinachofuata, na mwalimu mgeni hudhani mashine ni mbovu. Ukikosea, rudi nyuma chumba kimoja, ubonyeze nukta zote sita juu ya kosa. Msomaji ataelewa kwamba hapo pamefutwa.

Sleti ije baada ya mtoto kusoma bila kusita. Ikifika, acha kabisa maneno “kulia” na “kushoto”. Mfundishe kwamba 1-2-3 ni upande anaokutana nao kwanza, na 4-5-6 ni upande wa pili, awe anasoma au anaandika. Badiliko hilo dogo la maneno linaokoa miezi.

Usifuate alfabeti pia. Anza na A (1), B (1-2), K (1-3) na L (1-2-3). Zote ziko upande mmoja wa chumba, hazigeukiani, na zinatoa maneno ya kweli tangu siku ya kwanza: baba, kaka, lala, kabla. Ongeza M (1-3-4), U (1-3-6) na I (2-4), nawe una mama, kuku, bibi, kula, kulima. Zile zinazogeukiana zitenganishe kwa wiki mbili hadi tatu. D ikae vizuri kidoleni kwanza, ndipo F iingie.

Kuna mtego mmoja wa Kiswahili ambao vitabu vya kigeni haviwezi kukuonya. Maneno yetu mengi huishia na A, ambayo ni nukta moja tu juu kushoto. Mkato nao ni nukta moja, ya 2, hatua moja chini yake. Mtoto akisoma “baba, kaka” anakutana na nukta moja, kisha nukta moja nyingine iliyoshuka kidogo, kisha nafasi. Akiwa na kidole kizito ataziona zote ni A. Mpe mistari ya A na mkato vikipishana mpaka kidole kijue kimo.

Sasa vidole vyenyewe. Asome kwa mikono miwili. Mkono wa kulia ukimalizia mstari, wa kushoto uwe umeshashuka kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Ukimwona anasugua herufi juu na chini, au ncha ya kidole inageuka nyeupe kwa kukandamiza, msimamishe. Mguso mwepesi ndio unaosoma. Mtoto ambaye hajaanza herufi atenganishe kunde na maharage, kisha mtama na ulezi, kisha afuate kwa kidole mstari wa nukta usiokatika hadi mwisho wa karatasi.

Na karatasi iwe nene. Ile ya fotokopi ya gramu 80 nukta zake hulala baada ya kupitiwa mara chache; tafuta ya gramu 140 hadi 160. Kalenda za zamani za ukutani, upande usiong'aa, zinafaa kwa mazoezi. Mashine ifunikwe kila jioni, wala usiitie mafuta, kwani mafuta hukamata vumbi na funguo huanza kukwama.

Jambo la mwisho hapa, na tunalisema kwa mapenzi: wewe unayeona unaweza kusoma nukta nundu kwa macho, na inatosha kusahihishia. Lakini soma walau mstari mmoja kwa kidole kila siku. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mtoto alisita.

Nina mwanafunzi mwenye ualbino. Shule imeamua afundishwe nukta nundu kwa sababu “haoni vizuri”. Yeye anaisoma kwa macho, amepinda mgongo. Ni sawa? (Mwalimu, Bukoba)

Si sawa. Akiisoma kwa macho, amekujibu mwenyewe kwamba ana uoni wa kutumia. Wengi wenye ualbino husoma maandishi ya kawaida maisha yao yote wakisaidiwa vizuri, na ualbino peke yake haumfikishi mtu kwenye upofu kamili.

Kwanza apimwe macho na apewe miwani kama anaihitaji. Haitamaliza tatizo, lakini hupunguza. Kisha mpime mwenyewe darasani. Andaa kifungu kimoja kwa herufi za ukubwa wa aina tatu: pointi 12, 18 na 24. Asome dakika kumi asubuhi na dakika kumi mchana, uhesabu maneno na uone kama macho yanatoa machozi. Ukubwa unaompa maneno mengi bila kumchosha ndio wake.

Umbali ni dawa isiyonunuliwa. Akitoka mita 4 kwenda mita 2 kutoka ubaoni, herufi machoni pake inakuwa mara mbili. Akifika mita 1, mara nne. Mruhusu asimame aende ubaoni. Kitabu akikileta karibu na pua hakimharibu macho. Muinulie kitabu kwenye kibao cha mteremko ili mgongo usipinde. Akae mbele, dirisha likiwa nyuma yake au ubavuni. Avae kofia ya ukingo mpana hata darasani, akitaka. Akiinamisha kichwa upande mmoja, usimnyooshe: macho yake yanachezacheza, na pembe hiyo ndiyo yanapotulia zaidi. Nawe useme kwa sauti kila unachoandika.

Tunapanga semina ya siku moja ambapo walimu wote watafungwa vitambaa machoni ili waonje upofu. Mnashauri nini? (Mwalimu mkuu, Kilifi)

Nia ni njema, mwalimu mkuu, lakini zoezi hilo likiachwa hivyo hufundisha hofu. Mtu aliyefungwa macho dakika kumi hana stadi hata moja aliyo nayo aliyeishi bila kuona miaka kumi. Anatoka akiwa na huruma, na kesho yake anamvalisha mtoto viatu, anambebea begi, anamjibia maswali.

Tumia kitambaa kwa stadi moja yenye mwisho: kuongozana. Wawili wawili, dakika ishirini kila mmoja, na mtu asiyeona mwenye uzoefu ndiye awe mkufunzi. Muongozaji anagusisha mgongo wa mkono wake na wa mwenzake. Mwenzake anapandisha mkono na kushika juu kidogo ya kiwiko, kidole gumba nje. Mtoto mfupi ashike kifundo cha mkono. Anayeongozwa anakuwa nusu hatua nyuma, hivyo mwili wa muongozaji unampa habari kabla hajafika. Penye wembamba, muongozaji anarudisha mkono wake mgongoni, na mwenzake anapita nyuma yake sawia. Kwenye ngazi: simama kabisa ukingoni, sema “kupanda” au “kushuka”, kisha tangulia kidato kimoja. Kwenye kiti, weka mkono wake kwenye egemeo, akae mwenyewe. Kwenye matatu ni vivyo hivyo: mkono kwenye chuma cha mlango, mwambie kimo cha kidato, kisha muache apande.

Makosa ya kukemea papo hapo ni kusukuma kwa nyuma, kuvuta fimbo, na kuondoka kimyakimya ukamwacha katikati ya uwanja. Ukitaka kuondoka, sema, na umwache akigusa ukuta au meza.

Fimbo msiifundishe siku hiyo. Inahitaji majuma na mwalimu wake. Mjue tu kwamba akisimama wima inapaswa kufika kidarini, na ncha hugusa chini upande ulio kinyume cha mguu unaotangulia. Fimbo fupi humfikisha mtu shimoni kabla ya kuonywa.

Kompyuta inayosema ni ghali? (Mhudumu wa jamii, Morogoro)

Programu ya NVDA, inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo cha kompyuta, ni ya bure kwenye Windows, na sauti ya eSpeak inayokuja nayo ina Kiswahili. Ichague kwenye mipangilio ya sauti, la sivyo itakusomea “ngoma” kwa lafudhi ya Kiingereza. Kwenye simu za Android kuna TalkBack, inayofanya kazi hiyo hiyo. Kwa anayeanza, somo la kwanza la kompyuta lisiwe kufungua faili. Liwe kitufe cha Ctrl, kinachonyamazisha sauti, kwa kuwa anayejua kuinyamazisha haiogopi tena.