Barua kwa mwanangu: ubingwa unaolipa na ubingwa unaoupenda

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza usomee ubingwa upi wa udaktari: wa ngozi, unaoamini utakupa kipato kizuri na usiku wa kulala, au wa watoto wachanga, ambao moyo wako uko huko. Ukauliza pia kama fedha huleta furaha. Naanza na hilo la pili, maana sisi wazazi hupenda kulijibu kwa maneno mazuri kuliko ukweli.

Fedha ina nguvu. Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton walionyesha kwamba, Marekani, furaha ya siku kwa siku hupanda pamoja na kipato mpaka kwenye dola 75,000 hivi kwa mwaka, kisha hutulia. Mwaka 2021 mtafiti mwingine, Matthew Killingsworth, akaona haitulii. Basi mwaka 2023 Kahneman na Killingsworth wakaungana, Barbara Mellers akiwa msuluhishi, wakakuta kuwa kwa walio wengi furaha huzidi kupanda. Ila kwa wale wasio na furaha kabisa, kipato kikifika kwenye dola 100,000 hivi kwa mwaka, nyongeza haiwafikishi mbali tena. Mimi naielewa hivi: fedha itakulipia deni la masomo na kukuondolea hofu ya kodi ya nyumba, lakini kama kazi yenyewe inakutafuna, mshahara hautaizuia.

Sasa ubingwa. Kuna utafiti wa mwaka 2009, wa daktari Tait Shanafelt na wenzake, ambao ningependa kila daktari kijana aujue. Uliwahusu madaktari wa hospitali moja ya kufundishia. Waliotumia chini ya asilimia 20 ya muda wao kwenye kazi waliyoiona ina maana zaidi kwao, karibu asilimia 54 walikuwa wamechoshwa na kazi hadi kuvunjika moyo. Waliofikia kiwango hicho au kukizidi, asilimia 30 tu. Asilimia 20 ni siku moja katika juma la kazi! Hakuna anayekudai uipende kila saa ya zamu.

Kwa hiyo usiniulize ubingwa upi una furaha. Uliza juma lako litajaa nini. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliwafuatilia madaktari wakaona kwamba kwa kila saa moja na mgonjwa, karibu saa mbili zilikwenda kwenye kompyuta na makaratasi. Usidhani idara utakayochagua itakuepusha na hilo. Wala usimdharau daktari wa ngozi, anayeliona doa la saratani mapema na kuokoa maisha ya mtu aliyekuja kwa muwasho tu.

Lakini umetaka maoni yangu, na siyafichi: nenda kwa watoto wachanga. Nimekusikia ukieleza namna mtoto njiti anavyojifunza kupumua, na sijakusikia ukizungumzia kitu kingine hivyo. Ila usiende kwa upendo mtupu. Kabla ya kusaini mkataba, uliza zamu za usiku ni ngapi kwa mwezi, nani anakushikia ukiugua, na mtoto akifa nani anakaa nawe kabla hujarudi wodini. Wakikwepa swali hilo la mwisho, tafuta wodi nyingine.

Kuhusu deni, tuma hesabu yako yote, na riba yake, tuipitie pamoja kabla hujajaza fomu.

Mama yako