Ubavu ulishinda, jeshi likashindwa

Swali lenu la wiki hii: kwa nini Mwanamfalme Rupert, ambaye wapanda farasi wake waliogopwa Uingereza nzima, hakuweza kumwokoa mjomba wake, Mfalme Charles wa Kwanza, asishindwe na Bunge katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza? (Ni mjomba hasa, kaka wa mama yake.) Wengi hujibu kwamba kijana alikuwa na pupa. Mimi nasema tuitazame kwanza mbinu yenyewe.

Rupert alizaliwa Prague mwaka 1619, na alipokabidhiwa wapanda farasi wa mfalme mwaka 1642 alikuwa na miaka 22. Mtindo wake ulikuwa wa Kiswidi: safu tatu tu, farasi wamebanana, upanga mkononi, na bastola isilie mpaka wawe wameshaingia ndani ya adui. Wapanda farasi wa Bunge wakati ule walizoea kusimama na kumngoja adui wamfyatulie risasi. Anayengoja amesimama huku ukuta wa farasi unamjia mbio, mara nyingi hukimbia kabla hajaguswa.

Akikimbia, ndipo shida ya mshindi inapoanza. Farasi wanafukuza, safu zinavurugika, tarumbeta haisikiki. Bastola ya wakati ule, iliyowashwa kwa gurudumu la springi, ikishalia, lazima ijazwe upya na springi yake ikazwe kwa ufunguo, kazi isiyowezekana kwa aliye mbioni. Farasi aliyeishiwa pumzi naye hashambulii tena upesi. Dawa ni kuwa na safu ya pili inayobaki nyuma, hata kama ya mbele imeshinda.

Kwenye vita vya Edgehill, tarehe 23 Oktoba 1642, safu hiyo haikubaki. Rupert alivunja ubavu mzima (upande mmoja wa jeshi) wa Bunge, na wapanda farasi wa akiba chini ya Byron wakamfuata hadi kijiji cha Kineton, ambako watu walianza kupora mizigo. Askari wa miguu wa mfalme wakaachwa uchi. Balfour, aliyekuwa bado na wapanda farasi wa Bunge nyuma, akawaingilia. Verney, mbeba bendera ya mfalme, akauawa. Tena hati ya uteuzi ya Rupert ilimruhusu kupokea amri kwa mfalme peke yake. Lindsey, jemadari mkuu wa mfalme, alipopingwa na Rupert kuhusu mpango wa vita, aliacha cheo akaenda kupigana kwa miguu na kikosi chake, akafa. Kwa kuwa wapanda farasi hawakuwa chini ya jemadari mkuu, nani angemzuia Byron? Kwangu mimi, kosa la hati ile ni kubwa kuliko la pupa.

Wala Rupert hakuwa mzito wa kujifunza. Kwenye vita vya Marston Moor, Julai 1644, alijipanga nyuma ya mtaro, wenye bunduki kando ya farasi, na akiba nyuma. Byron akatoka mbele ya mtaro, akaziba mwelekeo wa bunduki za wenzake.

Vita vya Naseby, tarehe 14 Juni 1645, ndiko nisikoweza kumtetea. Sasa alikuwa yeye jemadari mkuu, lakini akaongoza mwenyewe ubavu wa kulia, akashinda, akafika hadi kwenye mizigo ya adui, ambako walinzi walikataa kujisalimisha. Upande wa pili Cromwell, kamanda wa wapanda farasi wa Bunge, alimvunja Langdale, aliyeongoza ubavu wa kushoto wa mfalme, akatuma wachache kufukuza, na waliobaki akawageuzia askari wa miguu wa mfalme. Mfalme alipotaka kuingia na akiba, Carnwath, bwana mmoja wa upande wake, alishika hatamu ya farasi wake. Farasi akageuka, na kikosi kizima kikageuka naye. Rupert aliporudi, maelfu ya askari wake wa miguu walikuwa wameshaweka silaha chini.