Kipimo kwanza, bei baadaye: majibu ya maswali yenu ya sokoni

Maswali ya safari hii kutoka kwenu wasomaji wa Kigoma ni mengi, na zaidi ya nusu yanauliza bei tupu. Nimechagua yale ambayo jibu lake litamfaa aliyeuliza na jirani yake pia.

Shikamoo shangazi. Dagaa wa Kibirizi ni bei gani sasa hivi? (Msomaji, Mwanga)

Marahaba. Bei ya nini, mwanangu? Ya kisado, ya debe au ya kilo? Walioanikwa mchangani au kwenye chanja? Swali hili linanijia kila mara, na kila mara halina kipimo. Nikikutajia bei hivyo hivyo nitakuwa nimekudanganya. Uliza upya.

Shangazi, mume wangu ananiachia shilingi 10,000 kila asubuhi. Tuko sita. Jioni haibaki hata mia, na wifi yangu anasema sijui kubana matumizi. Nakosea wapi? (Mama wa watoto wanne, Gungu)

Hukosei wewe. Tatizo liko kwenye hayo maneno "kila asubuhi".

Elfu kumi ya siku inakupeleka duka la mtaani, na duka la mtaani linakuuzia vipimo vya siku: unga kilo na nusu, sukari robo, mafuta ya mia tano. Kila kipimo kidogo kina faida ya mwenye duka ndani yake, na ni haki yake, maana yeye ndiye aliyesafirisha dumu na kusimama kutwa kukupimia. Lakini wewe unailipa faida hiyo mara saba kwa wiki.

Mwezi uliopita nilinunua mafuta ya kupima ya 500, nikayapima nyumbani kwa bomba la sindano la dawa ya mtoto. Yalikuwa mililita 75. Sasa fuatana nami. Kwenye duka hilo hilo lita nzima ilikuwa 5,000. Ili kutimiza lita kwa vile vipimo vya 75 unahitaji vipimo 13 na kitu, yaani karibu shilingi 6,700. Nyumba inayomaliza lita moja kwa wiki kwa vipimo hivyo inapoteza zaidi ya shilingi 86,000 kwa mwaka, kwenye mafuta peke yake. Hiyo ni sare ya shule na madaftari.

Kwa hiyo zungumza na mume wako. Usimwombe aongeze hela. Mwombe akupe ya wiki kwa mkupuo: 70,000 siku moja badala ya 10,000 siku saba. Akisita, anza na kitu kimoja. Jibane siku mbili tatu, nunua lita nzima ya mafuta, na ile mia tano uliyokuwa unaipeleka dukani kila siku iweke pembeni. Toa humo hela ya lita inayofuata, na inayobaki ikikusanyika itakuwa mtaji wa debe la mahindi. Debe likijaa vizuri linakaribia kilo 18. Ukisaga dona, karibu kilo zote hizo zinaingia chunguni, lakini ukikoboa unaacha pumba mashineni, na pumba hizo umezilipia. Nasisitiza dona ingawa najua watoto watanuna siku za mwanzo. Ila usisage debe zima kwa mara moja, kwa sababu dona lina mafuta ya kiini na huchacha mapema. Saga ya wiki, mengine yabaki punje.

Mboga za majani, nyanya na samaki wabichi endelea kununua kila siku. Hivyo havina ujanja wa jumla, vinaoza.

Hukuniuliza, lakini nitasema. Daftari la mkopo dukani lifunge kabla hujafikiria kuokoa chochote, kwa sababu mwenye deni hachagui duka wala habishani juu ya kipimo. Na usikope "kausha damu", ile mikopo ya riba kubwa, ili ununue chakula. Nimewaona akina mama wakikimbia nyumba zao kwa mkopo ulioanza na gunia moja la mchele. Chakula kinaliwa kikaisha, marejesho yanabaki.

Na ninyi akina baba mnaosoma hapa: kuacha hela kidogo kidogo mkidhani mnadhibiti matumizi kunawagharimu ninyi wenyewe. Mkeo akipewa ya wiki atanunua vingi zaidi kwa hela ile ile.

Kwa nini dagaa wanapanda na kushuka bila sababu? Ninunue lini? (Mwalimu, Ujiji)

Sababu zipo, mwalimu, na zote unaweza kuzisoma mwenyewe.

Ya kwanza iko angani. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu, samaki hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika. Giza likirudi, mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, unajaa. Kwa hiyo usiende kwenye mialo ya Kibirizi au Katonga na hela ya mwezi mzima wakati mbalamwezi imetanda, utanunua mabaki kwa bei ya juu. Subiri giza liingie siku kadhaa, dagaa wakauke, ndipo uende.

Ya pili ni mvua. Masika dagaa hawakauki sawasawa. Anayekuuzia debe kwa bei ya kuvutia siku ya mawingu huenda anakuuzia maji, na baada ya wiki utafungua mfuko ukute harufu. Wavunje kwa vidole: aliyekauka anakatika, mbichi anapinda.

Ya tatu ni Ziwa Tanganyika kufungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mimi naunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, na walionikasirikia kipindi kile bado nawaambia vile vile: samaki mchanga ukimla leo, mwakani utanunua kichwa chake kwa bei ya kilo. Ila nyumba inayosikia tangazo la kufunga na isiweke hata visado viwili vya dagaa wakavu imejitakia yenyewe. Nunua Aprili, uchague waliokauka vizuri, kabla watu wote hawajakumbuka.

Halafu kuna mchanga. Nilichekecha kisado cha dagaa walioanikwa chini nikapata mchanga wa kujaza kikombe cha chai. Wa chanja bei yao iko juu kidogo, lakini unakula ulichokilipia, na hutawaosha mpaka ladha iishe. Ukisikia "wa mchangani ni rahisi", uliza kwanza rahisi kwa dagaa au kwa mchanga.

Nahitaji friji ili kuokoa hela ya chakula? (Kijana, Buzebazeba)

Kama unapika mwenyewe kwa watu wawili, hapana.

Mawese niliyonunua barabarani yanaruka sana nikiyaweka motoni. Ni feki? (Dada, Kibirizi)

Yana maji, dada yangu. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo hukaa chini ya dumu huku juu kunapendeza. Muuzaji akikumiminia ya juu yaonjwe, halafu dumu lako likajazwa kutoka pipa lingine, hapo ndipo unapoibiwa. Siku nyingine nunua kwenye chombo kinachoonyesha ndani, kiache kitulie dakika kadhaa, kisha tazama kitako chake kwenye mwanga. Ukiona mstari, ondoka. Yenye maji pia huchacha upesi, kwa hiyo hasara ni mara mbili.

Hayo uliyo nayo yachemshe kwa moto mdogo, ukiwa mbali na watoto, mpaka yatulie, kisha yachuje. Usiyachome mpaka yakawa meupe kama wengi wanavyofanya ili yafanane na mafuta ya dukani. Ule wekundu ndio unaompa mtoto vitamini A. Sisi wa Kigoma tumepewa mafuta ya namna hiyo mlangoni kwetu, toka Simbo na Mwandiga, halafu tunayaunguza tukanunue ya chupa yaliyosafirishwa kwa gari siku mbili. Hilo linaniuma.

Nimepata mahindi nusu bei, yana ukungu kidogo tu. Nikiyaosha na kuyaanika si yatafaa? (Msomaji, Kasulu)

Hapana. Usiyale, usiwape kuku, usiyapikie pombe. Ukungu unaouona unaweza kuuosha, lakini sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, inabaki kwenye punje, haina rangi wala harufu, na kuchemsha ugali hakuiondoi. Inaharibu ini. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi ya namna hiyo. Wewe na nusu bei yako mtakuwa mmefanya biashara na kaburi.

Karanga vile vile. Zile zilizosinyaa na kuvunjika, zinazotengwa pembeni "za kusaga", ndizo hatari kuliko zote. Nunua nzima, chambua, saga mwenyewe.

Gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita kiasi, si ndilo lenye faida kwa mnunuzi? Mbona mnalipiga vita? (Mfanyabiashara, Mwandiga)

Kwa sababu ni wizi. Mzigo wa mazao ukipita kilo 100 umevunja sheria ya vipimo, na anayeibiwa ni mkulima wa Kalinzi au Manyovu anayejaza kilo 130 akalipwa gunia moja. Unasema mnunuzi anafaidi. Mnunuzi gani? Mama wa Gungu anauziwa kisado chenye kitako kilichobonyezwa juu. Kinachoongezwa shambani kinapunguzwa sokoni, na anayefaidi ni wa katikati peke yake.

Nawaomba tena wasomaji: nunueni kwa mizani, na mizani yenyewe iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Muuzaji akikataa kupima, hilo nalo ni jibu.

Maharage yananimalizia mkaa. (Msomaji, Bangwe)

Loweka tangu jioni, mwaga maji yale, pika na kifuniko. Kama hata hivyo hayaivi, umeuziwa ya zamani. Omba kuyaona na uyang'ate kabla ya kulipa. Ya msimu mpya kutoka Kasulu hayakutoi jasho hivyo.

Shangazi, mchele bei gani? (Msomaji, Mwanga)

Kipimo gani?