Ukisoma mashairi ya kale ya Lamu, tandaza na ramani

Wanaoniuliza waanzie wapi kusoma mashairi ya kale ya Lamu huwaambia watafute ramani kwanza. Siyo ile ya watalii iliyojaa mahoteli. Tafuta chati za mabaharia za karne ya 19, tangu enzi za Kapteni Owen aliyepima pwani yetu miaka ya 1820, zinazoonyesha kina cha maji kwa pima na mafungu ya mchanga.

Anza na maji. Chukua mashairi ya Vita vya Kuduhu, yaani vita vya Shela vya karibu mwaka 1812. Upande wa Mombasa mshairi ni Muyaka bin Haji, upande wa Lamu ni Bwana Zahidi Mngumi, na vijembe vinarushwa kweli kweli. Mimi vijembe hivyo vilinikolea nilipoweka chati kando ya kitabu. Shela iko pale pale penye mlango wa kuingilia Lamu kutoka baharini, na ufuo wake ni mchanga mtupu. Jeshi la Mombasa na Pate lilishuka hapo, likapigwa. Lilipokimbilia vyombo, maji yameshakupwa, majahazi yamepwelewa. Ukishaona hilo, majigambo ya Waamu, watu wa Lamu, hayasomeki tena kama mzaha wa barazani.

Kisha tafuta ngome ya Lamu na Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Leo ngome imerudi ndani, mbele yake uwanja na maduka. Ilipokamilika mwaka 1821 ilitazamana na bahari, na njia hiyo kuu ndiyo iliyokuwa pwani yenyewe. Kwa hiyo ukitaka kusimama walipopokelewa wageni wa zama hizo, usiende gatini. (Na ukisoma Kilindini katika mashairi ya Mombasa, ondoa makontena kichwani, palikuwa mji wenye watu wake.)

Majina ya mitaa midogo chati hizo hazina. Hayo waulize wazee barazani baada ya alasiri, na usiwaharakishe.

Kwa Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi wa mawaidha ya ndoa na nyumba mwaka 1858 akiwa mgonjwa, chati haitakufaa hata kidogo. Mabaharia walichora walichokiona kutoka chomboni. Hapo tafuta mchoro wa nyumba ya mawe ya Kiamu: daka (kibaraza cha mlangoni), kiwanda (ua wa ndani), misana (kumbi ndefu nyembamba), hadi ndani kabisa, na uusome utendi ukifuata vyumba.