Mechi ya ukungu, Buffalo 1975

Swali la wiki mmeuliza, mechi gani ya zamani ambayo hukuwepo ungelipa hela yako ukaione live uwanjani, mchezo wowote. Najua wengi wataleta Simba na Yanga za enzi hizo, wengine Maradona, sawa, ila mi naleta kitu ambacho naamini hakuna mwingine atakileta, hoki ya barafu. Msicheke kwanza.

Nakaa Buffalo, kule New York ya juu mpakani na Canada, mwaka wa sita huu, na mji huu ukikaa nao bila kujua hoki ni kama ukae Kariakoo hujui rangi ya Yanga. Timu yao inaitwa Sabres, imeanza 1970 na mpaka leo haijawahi kubeba Stanley Cup, hilo ndo kombe lenyewe la ligi ya NHL, kwa hiyo watu wa hapa wana ile huzuni ya kudumu mnayoijua nyie mashabiki wa timu fulani. Fainali wamefika mara mbili tu, 1975 na 1999. Ya 1999 ukiitaja kwenye meza ya watu wazima wanaacha kula kwa hasira, so tuongelee 1975.

Fainali yenyewe anayeshinda mechi nne kati ya saba anabeba. Buffalo wamekutana na Philadelphia Flyers, mabingwa watetezi, na hao Flyers jamani walikuwa wababe, mji mzima wa Philadelphia unajivunia mpaka leo jinsi walivyokuwa wanapiga watu. Walikuwa na jamaa anaitwa Dave Schultz, msimu huo peke yake alikaa nje kwa adhabu dakika 472, na mechi moja ni dakika 60 tu, yaani piga hesabu, ni karibu mechi nane nzima mtu amekaa kwenye kibanda cha adhabu. Rekodi hiyo haijavunjwa. Ila msiwaone wahuni tu, golini walikuwa na Bernie Parent, na kumfunga huyo baba ilikuwa shughuli pevu. Buffalo wao walikuwa na watatu wa mbele kutoka Quebec, lile jimbo la Canada, Gilbert Perreault, Rick Martin na Rene Robert, wanaongea Kifaransa kwao na wanacheza kama wana macho kisogoni. Sanamu yao ipo sa hivi nje ya uwanja mpya.

Mechi mbili za kwanza Philadelphia wameshinda, 4-1 na 2-1. Ya tatu inakuja Buffalo, tarehe 20 Mei 1975, na hapo ndo naitaka tiketi yangu.

Mei huku joto limeshaanza, na siku hiyo lilikuwa joto kweli, na uwanja wao wa zamani ulioitwa Memorial Auditorium, wenyewe wanasema the Aud, umejengwa 1940 na hauna AC. Ndani wamejaa maelfu ya watu wanahema na kutoka jasho, chini kuna barafu. Unajua chupa ya soda ya baridi ukiitoa kwenye friji Dar ukaiweka mezani inavyotoka jasho? Sasa chukulia chupa ni uwanja mzima. Ukungu ukaanza kuinuka kutoka kwenye barafu, ukapanda magotini, ukapanda kiunoni, mpaka makipa hawaoni kinachokuja na refa haoni anachochezesha.

Mimi ni wa Njombe, ukungu naujua. Nikiwa mdogo nakumbuka tunatoka Makambako na basi usiku, dereva akasimama katikati ya barabara kasema haendi mbele hata hatua, utingo ikabidi ashuke na tochi awe anatembea mbele ya basi taratibu, sisi nyuma tunamfuata kama msiba, abiria mmoja analaumu anachelewa na mwingine anasali. Kwa hiyo mtu akiniambia watu wazima kumi na mbili walikuwa wanakimbizana na vyuma miguuni na marungu mkononi ndani ya kitu kama kile, namwelewa kabisa, na nasema hawakuwa na akili timamu.

Mechi ikawa inasimama kila mara. Dawa waliyoipata ni hii, wachezaji wote wanatoka kwenye mabenchi wanazunguka uwanja kama wanafanya mchakamchaka ili upepo wao ufukuze ukungu, wafanyakazi wa uwanja nao wanaingia na mashuka, mashuka ya kitandani kabisa, wanayapeperusha. Unapungua kidogo wanacheza, unarudi wanasimama tena. Fainali ya ubingwa hiyo.

Na bado kulikuwa na popo. Sitanii. Popo amejiingilia zake anaruka juu ya vichwa vya watu, wakati wanasubiri refa adondoshe ile paki (kile kidude cheusi cha raba wanachokipiga) Jim Lorentz wa Buffalo akanyanyua fimbo yake akampiga popo hewani, chali. Watu wanamwangalia tu pale chini, mpaka Rick MacLeish wa Flyers akaja akamwokota na mkono akampeleka kwenye kibanda cha adhabu. Lorentz baadae alipata barua za watu wapenda wanyama wakimlaumu. Kwetu ingekuwa kesi nyingine kabisa, popo kuingia uwanjani siku ya fainali af mwenyeji ndo anamuua, watu wangeuliza kamati ya ufundi ya Flyers ilikuwa wapi.

Sasa aliyenipa hii habari ni mzee mmoja tuliyekuwa nae kazini kwenye ghala, zamu ya usiku, ye alikuwa kijana mdogo 1975 na baba yake alipata tiketi za viti vya orange, vya juu kabisa karibu na paa, vya bei ya chini. Anasema kule juu ulikuwa unaona kama bakuli la maziwa, na ndani ya maziwa kuna vivuli vinapita. Ikafika 4-4, muda ukaisha, wakaenda nyongeza, na nyongeza ya hoki hamna huruma, wa kwanza kufunga mechi imeisha hapo hapo. Zimebaki kama dakika moja na nusu kile kipindi cha nyongeza kiishe, Rene Robert akapiga kutoka pembeni, pembe ambayo kwa siku ya kawaida Parent anaidaka huku anaongea na mkewe, ikapita katikati ya miguu. 5-4.

Nikamuuliza mzee, goli uliliona? Akasema goli sikuliona, niliona taa. Maana kwenye hoki nyuma ya goli kuna taa nyekundu inawashwa ikiingia, na pale kwenye ule weupe wote kitu pekee walichokiona watu wa viti vya orange ni wekundu umewaka ndani ya ukungu. Hapo pakawa kimya kidogo, hawajui kama ni kweli, af baba yake akamnyanyua juu.

Mi nimeangalia ile video mara nyingi, na kwenye TV pia huoni kitu cha maana, kwa hiyo ndo mechi pekee ya fainali ninayoijua ambayo aliyekuwepo na asiyekuwepo wako sawa, na bado namwonea wivu yule mzee.

Mechi ya nne Buffalo wakashinda tena 4-2, watu wakaanza kuota, ya tano wakachapwa 5-1, ya sita nyumbani kwao Bob Kelly akawafunga sekunde ya 11 tu ya kipindi cha tatu, ndo cha mwisho kwenye hoki, ikaisha 2-0 na Flyers wakazungusha kombe pale pale Buffalo. Hayo tuyaache.

The Aud wenyewe ulivunjwa 2009. Sa hivi pale pana mifereji ya maji na wakati wa baridi inaganda wanakodisha viatu vya kutelezea, wao wanaviita sketi, nilivyomwambia wife kwa simu nimekodi sketi ilibidi nieleze kwa kirefu. Nilianguka mara nne kabla sijafika katikati.

Kwa hiyo mhariri kama hizo tiketi zenu zipo kweli, mi kiti sitaki. Nipeni kazi ya wale wa mashuka. Kuteleza sijui, ila nitashika kona moja kwa nguvu wenzangu wanivute.