Shairi la Mwaka 1918 Katika Nyumba Isiyo na Watu

SWALI: Katika mchezo wa zamani wa redio ya Marekani nilisikia nyumba inayojiendesha ikimsomea mwenyewe shairi jioni, naye hajibu. Je, shairi hilo lilitungwa kwa ajili ya mchezo? Na kwa nini hadithi ya wakati ujao iegemee utungo wa kale?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, shairi hilo ni la Sara Teasdale, mshairi wa Marekani, na lilichapishwa mwaka 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa bado vinapiganwa. Lina mishororo 12 tu, yenye vina vya mwisho viwiliviwili, nalo lasema kwamba mvua itanyesha, vyura na mbayuwayu wataimba, wala majira ya kuchipua hayatatambua kuwa binadamu ametoweka. Ray Bradbury, mwandishi wa hadithi wa Marekani, aliliingiza katika hadithi yake ya mwaka 1950, na mwezi Juni mwaka huohuo shirika la utangazaji la NBC likaitangaza katika mfululizo wa michezo ya redio uitwao Dimension X.

Teasdale alifariki mwaka 1933, miaka 12 kabla ya Hiroshima. Hakulijua bomu la nyuklia, lakini Bradbury aliona kwamba maneno yake yalikuwa yamekwisha kulieleza. Katika hadithi wakazi wameteketea, mashine zinaendelea kupika na kufagia, na jioni nyumba inamuuliza bibi mwenye nyumba angependa shairi gani. Isipopata jibu, inachagua yenyewe. Kwa maoni yangu, hapa redio inaipita karatasi, kwa kuwa shairi linasomwa kwa sauti tulivu, mizani yake ikihifadhiwa, na sikio pekee lililobaki kulipokea ni la msikilizaji.

Sisi tuliolelewa na tenzi hatuoni ugeni hapo. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatuingiza katika majumba ya matajiri wa Pate, ambamo madaka yaliyopangwa vyombo vya kaure yamekuwa malalo ya makinda ya ndege, na bundi analia ndani. Tofauti yao ni kubwa, hata hivyo: Sayyid Abdalla anausemesha moyo wake uzinduke ungali na muda, ilhali katika nyumba ile shairi linasomwa wakati hakuna tena wa kuonywa.

Ukipenda kuendelea, tafuta hadithi nyingine ya Bradbury iliyochezwa katika mfululizo huohuo, ambamo msafiri wa anga anaghani beti za mshairi Mwingereza Byron za mwaka 1817 katikati ya mji uliokufa wa Mirihi.