Kabla ya Kununua Mchezo wa Kompyuta kwa Ajili ya Linux

Watu wanaohamia Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, hasa tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 2025, huniuliza swali moja kabla ya mengine yote: je, mchezo fulani una toleo la Linux? Mimi huwajibu kwamba swali hilo limepitwa na wakati. Neno Linux kwenye ukurasa wa duka halimhakikishii mnunuzi kwamba mchezo utafanya kazi vizuri, wala kukosekana kwake hakumaanishi kwamba hautafunguka. Linalofaa kuulizwa ni nani anayeutunza mchezo huo leo, na kama una kitu ndani yake kinachoikataa Linux kwa makusudi.

Zamani hapakuwa na njia ila kusubiri kampuni fulani iufanyie mchezo marekebisho hadi uendeshwe na Linux moja kwa moja. Loki Software, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, ilituletea Civilization: Call to Power na Quake III Arena, kisha ikafunga milango mapema mwaka 2002. Steam, duka la michezo la mtandaoni la kampuni ya Valve, ilipozinduliwa rasmi kwa Linux mnamo Februari 2013, kazi hiyo ilishikwa kwa bidii na Feral Interactive pamoja na Aspyr, na sisi tuliokuwapo tulifaidi sana, kwa kuwa XCOM, Tomb Raider na Civilization V zote zilitufikia kwa njia hiyo. Udhaifu wa matoleo hayo ulijitokeza baada ya mauzo. Toleo la Windows lilipata masahihisho kwanza, huku la Linux likisubiri, na mara nyingine mchezaji wa Linux alishindwa kucheza mtandaoni na rafiki yake wa Windows kwa sababu matoleo yao hayakulingana. Mengine yaliachwa kabisa. Rocket League, kwa mfano, iliondoa uchezaji wa mtandaoni kwa watumiaji wa Linux mwezi Machi 2020, na mchezo ule bila mtandao umebaki na raha ndogo sana.

Kilichobadilisha hali ni Proton, zana ya kuendeshea michezo ya Windows kwenye Linux, ambayo Valve iliitoa Agosti 2018. Imejengwa juu ya Wine, mradi ulioanza mwaka 1993 wa kuziwezesha programu za Windows kufanya kazi nje ya Windows, ikaongezewa DXVK ya Philip Rebohle, inayogeuza maagizo ya michoro ya Direct3D, yanayotumika Windows, kuwa ya Vulkan, ambayo Linux inayaelewa. Steam Deck, kifaa cha mkononi cha michezo cha Valve, ilipoingia sokoni Februari 2022 ikiwa na mfumo wa Linux ndani yake, studio nyingi zilipata sababu ya kibiashara ya kuhakikisha kwamba michezo yao haikwami kwenye Proton. Wapo wapenzi wa Linux wanaosikitika kwamba studio hizo sasa hazina haja ya kutengeneza toleo maalumu kwa ajili yetu. Mimi si mmoja wao. Heri toleo la Windows linalotunzwa kila mwezi kuliko toleo la Linux ambalo mwenyewe alishalisahau.

Kwa hiyo, ukiwa na mchezo wenye toleo la Linux nao unakwama, hauna sauti au haufunguki, usianze kuhangaika na maktaba za mfumo, yaani mafaili ya pamoja ambayo programu huyategemea. Ndani ya Steam, bonyeza jina la mchezo kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, kisha Compatibility, na ulazimishe utumie Proton. Fahamu kwamba mafaili ya Windows yatapakuliwa upya, na kwamba hatua za mchezo ulizokuwa umezihifadhi huenda zisihamie upande wa pili, hivyo tengeneza nakala zake kwanza. Sisemi kwamba matoleo yote ya Linux ni mabovu. Factorio ya Linux inaweza kuhifadhi mchezo bila kumsimamisha mchezaji, jambo ambalo ya Windows haina, na Dota 2 na Counter-Strike 2 zinatunzwa na Valve wenyewe.

Panapohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni kwenye programu za kuzuia udanganyifu katika michezo ya mtandaoni. Baadhi yake huingia hadi kwenye kiini cha Windows (kernel), sehemu ya ndani kabisa inayotawala mfumo wote, ili kumchunguza mchezaji, ilhali Proton hutafsiri maombi ya programu za kawaida tu na haina kiini cha Windows cha kutoa. Mbili kati ya programu hizo za ulinzi, Easy Anti-Cheat na BattlEye, zimeweza kufanya kazi na Proton tangu mwaka 2021, lakini ni lazima mwenye mchezo aridhie, na wengi hawajaridhia. Fortnite na Valorant hazichezeki. Apex Legends iliyokuwa ikichezeka vizuri iliwafungia watumiaji wa Linux mwishoni mwa Oktoba 2024, wiki sita hivi baada ya GTA Online, sehemu ya mtandaoni ya GTA V, kuweka BattlEye na kuwaacha nje, ingawa hadithi ya mchezaji mmoja ya GTA V bado inaendelea kama kawaida. Na kwa kuwa kwetu Afrika Mashariki maongezi ya michezo hii huishia kwenye mpira, niseme wazi kwamba matoleo ya karibuni ya EA Sports FC hayafunguki kwenye Linux kwa sababu ya ulinzi wa EA. Anayeutaka mpira huo abakize Windows kwenye sehemu ya diski yake, au acheze kwenye konsoli. Msinunue kwa matumaini kwamba mambo yatabadilika, wala msijaribu ujanja wa kuupita ulinzi, maana akaunti inaweza kufungwa pamoja na vyote mlivyolipia.

Jambo la pili linalotuhusu sana ni umri wa kompyuta zetu. Wengi tunanunua kompyuta mpakato zilizotumika, zilizoletwa kutoka ofisi za Ulaya na Marekani, na muuzaji hutaja RAM na diski bila kugusia chipu ya michoro. DXVK kuanzia toleo la 2.0, lililotoka Novemba 2022, inahitaji Vulkan 1.3, na michoro iliyo ndani ya prosesa za Intel za kizazi cha nne kurudi nyuma haifiki hapo. Ukiwa dukani, tafuta angalau kizazi cha sita. Ikiwa tayari unayo ya zamani, michezo mingi mikongwe bado itafunguka ukiandika PROTON_USE_WINED3D=1 %command% kwenye maagizo ya kuanzishia mchezo (Launch Options), ingawa kasi itapungua. 0 A.D., SuperTuxKart na Battle for Wesnoth ni za bure, hazihitaji Proton hata kidogo, na binafsi naiona Wesnoth kuwa bora kuliko michezo mingi niliyoilipia.

Anayetumia bando aingie kwenye mipangilio ya Steam na kuzima upakuaji wa sheda zilizotayarishwa, yaani programu ndogo za kuchorea picha za mchezo, kwani kwa mchezo mkubwa huweza kula data nyingi kila baada ya sasisho. Gharama yake ni kukwamakwama kidogo mnapoingia eneo jipya kwa mara ya kwanza. Vilevile msiuweke mchezo wa Proton kwenye diski ya NTFS (muundo wa diski wa Windows) mnayochangia na Windows. Matatizo yake ni ya ajabuajabu, na ext4, muundo wa diski wa Linux, huyamaliza.

Kabla ya kulipa, soma ProtonDB, tovuti ambako wachezaji huripoti jinsi michezo inavyofanya kazi kwenye Proton, lakini usiishie kwenye medali ya dhahabu au platinamu. Tafuta ripoti za miezi ya karibuni kutoka kwa watu wenye kadi ya michoro kama yako. Ukishanunua, kumbuka kwamba Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 na hujafikisha saa mbili za kucheza. Tumia nusu saa ya kwanza kujaribu sauti, kidhibiti, kuhifadhi mchezo, kuufunga na kuufungua tena, na kuingia mtandaoni kama ndicho ulichoununulia.